Nani Anabaki na Shimo?

Karibu na mji wa Nzega, mkoani Tabora, kuna chuo kilichorithi mgodi. Golden Pride, mgodi wa kwanza mkubwa wa kisasa wa dhahabu hapa Tanzania, ulianza kuzalisha mwishoni mwa miaka ya 1990 na ukafungwa mwaka 2014. Wawekezaji walipoondoka, eneo lilikabidhiwa Serikali, nayo ikalipeleka kwa Chuo cha Madini cha Dodoma liwe mahali pa kufundishia. Wengi walisifia majengo: yapo tayari, hakuna kujenga upya. Ni jambo jema. Lakini kwa kijana anayetaka kuwa mhandisi, mali kubwa zaidi pale ni vitu ambavyo hakuna aliyetamani kuvirithi: shimo linalojaa maji, vilima vya miamba taka, na bwawa la topesumu, yaani tope linalobaki baada ya kuchenjua, lililofunikwa udongo.

Nasema hivyo kwa sababu mafunzo ya uhandisi wa migodi yameegemea upande mmoja. Mwanafunzi anafundishwa kuingia ardhini: kusoma mwamba, kupanga baruti, kusomba mbale (mawe yenye madini), kuponda, kuchenjua, yaani kutenga madini na jiwe. Namna ya kutoka ardhini huisoma juu juu, mwishoni, mtihani ukiwa umeshakaribia. Ni kama fundi aliyefundishwa kupandisha ukuta asifundishwe kupaua. Na kila mgodi una mwisho, maana mbale haichipui tena kama muhogo. Uchimbaji wenyewe hudumu miaka 15, pengine 30. Shimo na lundo vitakaa pale karne na karne.

Kabla ya kwenda mbali, kuna mambo mawili ya kutenganisha. Mgodi uliofungwa una mwenyewe: upo mpango wa ufungaji, zipo fedha zilizowekwa dhamana, wapo watu wanaopima maji kwa miaka kadhaa baada ya mtambo kuzimwa. Mgodi uliotelekezwa hauna mtu. Kampuni ilifilisika, au ilijiondokea enzi za ukoloni, au wachimbaji wadogo walisikia kuna rashi, watu wanakimbilia dhahabu mpya kijiji cha mbali, wakabeba makoleo yao na kuacha maduara, mashimo yao ya kuchimbia, wazi. Afrika Kusini, Mkaguzi Mkuu alipotoa ripoti yake mwaka 2009, migodi ya aina hii ilikuwa karibu 6,000.

Tena mgodi usio na mwenyewe haukosi watu. Januari 2025, kule Stilfontein, waokoaji walitoa miili 78 kutoka mgodi wa dhahabu ulioachwa, pamoja na watu zaidi ya 200 waliokuwa bado hai. Walikuwa wachimbaji wasio na leseni, na wengine walikuwa wamekaa chini kwa miezi. Habari hii inapaswa kufundishwa darasani bila kuionea haya. Mlango wa mgodi ambao haukuzibwa vizuri utampata wa kuuingia, hasa pale ambapo kazi zimepotea pamoja na mgodi.

Tuje kwenye maji, somo gumu kuliko yote.

Mgodi unapofanya kazi, pampu hunyonya maji usiku na mchana ili watu na mashine wafike chini. Siku pampu zinapozimwa, maji yanarudi kwao. Katika shimo la wazi yanapanda taratibu, mwaka baada ya mwaka, mpaka yanayoingia yalingane na yanayokaushwa na jua. Sehemu kavu kama Nzega, ambako jua linachukua maji mengi kuliko mvua inayoyaleta, ziwa la namna hii linaweza kutulia chini ya ukingo lisimwagike kamwe. Kwenye milima yenye mvua nyingi litafurika na kushuka mtoni. Lakini hata lile lisilomwagika lina hatari yake. Jua linaondoka na maji na kuacha chumvi, kwa hiyo ziwa linakolea kila mwaka kama mchuzi uliosahauliwa jikoni. Mhandisi anatakiwa aseme mapema maji yatasimama mita ngapi chini ya ukingo, yatakuwa na nini ndani yake baada ya miaka 50, na kama ng'ombe wa jirani wanaweza kuyanywa.

Halafu kuna tindikali. Miamba mingi yenye dhahabu, shaba au makaa ya mawe hubeba paireti, yale madini ya njano yanayong'aa ambayo mgeni akiyaokota hudhani ametajirika. Ikiwa imejificha chini bila hewa, paireti haina neno. Ukiipasua na kuileta juu, hewa na maji vinaishambulia, na salfa iliyomo inageuka tindikali, ileile ya kwenye betri ya gari. Tindikali hiyo nayo inayeyusha shaba, zinki, risasi na aseniki zilizokuwa zimelala salama ndani ya jiwe. Chuma kinachotoka humo ndicho kinachovipaka vijito rangi ya kutu. Kuna pia bakteria wanaoishi kwa chuma na salfa hizo. Wakishaingia kazini, mambo yanakwenda kasi mara nyingi zaidi.

Mwalimu anayetaka darasa lilione hili kwa macho hahitaji maabara ya mabilioni. Achukue jiwe lenye paireti kutoka kwenye lundo, aliponde mpaka liwe kama mchanga, aligawe kwenye chupa mbili zilizotobolewa chini. Ya kwanza aichanganye na jiwe la chokaa lililosagwa, ya pili aiache ilivyo. Kila wiki amwagie maji kidogo kwa juu, ayakinge yanayodondoka, achovye karatasi ya litimasi. Mwanzoni hakuna tofauti, na wanafunzi watachoka. Wiki zikipita, maji ya chupa ya pili yataanza kuigeuza litimasi ya bluu kuwa nyekundu, na siku moja mtu atagundua ukungu wa kahawia umeshika kioo. Migodi mikubwa hufanya jaribio la jamii hii, kwa vyombo bora na kwa muda mrefu, ili kujua jiwe lipi lifichwe katikati ya lundo na lipi lifunike nje. Angalia lakini uamuzi huo unafanyika lini: kabla lori la kwanza halijamwaga mzigo. Ndiyo maana ufungaji wa mgodi si kazi ya mwaka wa mwisho. Lundo likishapangwa vibaya, kulipanga upya ni kuchimba mgodi mara ya pili.

Mfano ninaoupenda kuliko yote wa somo hili uko Uganda, chini ya milima ya Rwenzori. Mgodi wa Kilembe ulitoa shaba tangu mwaka 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Pamoja na shaba ilitoka paireti yenye kobalti, ambayo ilirundikwa karibu na mji wa Kasese kungojea siku ya kutumika. Siku hiyo ilichelewa. Mvua ikanyeshea lundo miaka na miaka, tindikali ikateremka kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, na mimea ikafa kufuata njia ya maji. Mwaka 1999 kiwanda kilianza kazi pale kwa mbinu inayostahili kusimuliwa: paireti ilitiwa kwenye matangi makubwa yenye hewa na kuachiwa bakteria wa jamii ileile iliyokuwa ikichafua bonde. Wakaila, kobalti ikatoka, kiwanda kikauza. Hadi kazi ilipokoma mwaka 2013, akiba ile ya paireti ilikuwa imetumika. Sumu ya kizazi kimoja ilikuwa mbale ya kizazi kilichofuata.

Ningependa niishie hapo, lakini nisingekuwa mkweli. Juu zaidi, kandokando ya mto Nyamwamba, yalibaki mabaki ya uchenjuaji wa shaba ambayo hayakuwa na faida ya kumvuta mtu. Mafuriko ya Mei 2013 yakayazoa, na ya Mei 2020 yakayazoa tena, yakipita kwenye makazi ya watu. Ni mgodi mmoja na urithi mmoja, ila palipokuwa na pesa pakasafishwa, na pasipo pesa pakaachiwa mto. Kila anayehubiri kwamba taka za migodi ni utajiri aubebe mfano wa Kilembe mzima, nusu zote mbili. Soko litachagua kilicho kinono. Mhandisi lazima awe na mpango wa kile kitakachobaki sahanini.

Watu wa Kanda ya Ziwa, kwa kweli, wanajua habari za kutumia tena mabaki kabla profesa hajaziandika. Mchimbaji mdogo akishaosha na kukamata dhahabu yake kwa zebaki, unga unaobaki anauita marudio, na hautupi. Anajua zebaki imekamata kiasi tu, mara nyingi chini ya nusu ya dhahabu yote. Marudio yanauzwa kwa mwenye plenti, mtambo wa kuchenjulia, naye anayalowesha kwa kemikali ya sianidi ili atoe kilichosalia. Hata magwangala, mawe ambayo mgodi mkubwa umeyaona hayana maana, yanapondwa na kupatikana kitu cha kununulia unga. Huu ni uchumi halisi, na mwanafunzi wa uhandisi anapaswa kuusoma kwa heshima. Asome pia pale unapoua: sianidi ikikutana na zebaki iliyobaki kwenye marudio, inaiyeyusha na kuifanya itembee na maji kwa wepesi kuliko mwanzo. Kazi ya mhandisi hapo ni kutafuta namna ya kuitoa zebaki kabla ya sianidi kuingia, kwa gharama ambayo mwenye plenti ya kijijini ataimudu. Ushauri ambao hauwezi kulipiwa haumfai mtu.

Kuhusu mabwawa ya topesumu sitasema mengi, kwa kuwa kanuni yake ni fupi: tope halikauki kwa sababu mgodi umefungwa. Chini ya ganda gumu unaloweza kukanyaga, linaweza kubaki laini miaka mingi, nalo linausukuma ukuta muda wote. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la mgodi wa Mwadui, mkoani Shinyanga, ulibomoka, tope likafunika mashamba na makazi ya jirani. Na huo ni mgodi wenye wahandisi na mashine. Bwawa ambalo wahandisi wake wameondoka linahitaji uangalizi usiopungua huo, na mtu wa kufanya hivyo lazima awe amefundishwa na anayelipwa.

Sasa kuutumia tena mgodi wenyewe. Hapa ndoto ni nyingi, nami nadhani kazi ya kwanza ya shule ni kumfundisha kijana kuzipigia hesabu. Chukua mfano wa Kidston, jimbo la Queensland nchini Australia, mgodi wa dhahabu ambao uchimbaji wake ulikoma mwaka 2001. Mashimo yake makubwa mawili yamechukuliwa kujenga mtambo wa umeme wa megawati 250: mchana, jua likiwa kali na umeme wake ukiwa rahisi, maji yanapandishwa kwenye hifadhi ya juu, jioni watu wakiwasha taa, yanateremshwa kuzungusha mitambo. Wazo zuri. Sasa leta kalamu. Maji ya ndoo 50 za lita 20 ni mita moja ya ujazo, yaani tani moja. Yakianguka mita 200, yanatoa karibu nusu uniti ya umeme, hizi hizi uniti za LUKU, kabla hujatoa kinachopotea njiani. Nusu uniti kwa ndoo 50! Kwa hiyo shimo moja katikati ya mbuga tambarare halitoshi. Unahitaji mashimo mawili yaliyopishana sana kwa kimo, maji kwa mamilioni ya mita za ujazo, ukuta wa mwamba usioporomoka maji yakipanda na kushuka kila siku, na njia ya umeme iliyo karibu. Ukiwa navyo, umebahatika. Usipokuwa navyo, fikiria samaki, fikiria sola inayoelea, fikiria kuacha ziwa lilivyo na uzio imara.

Na mara nyingine kinachofaa kurithiwa hakimo shimoni kabisa. Tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda lilijengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi. Mgodi ulikufa mwaka 1960. Reli ikaendelea kubeba watu, mahindi na asali kwa miongo mingi baada ya kazi iliyoileta kusahaulika. Uwanja wa ndege wa mgodi, kituo cha umeme, zahanati, barabara: mhandisi anayepanga mgodi akijua kwamba vitu hivi vitaishi kuliko mgodi, atavichora mahali pengine, karibu na mji, si karibu na mtambo.

Lakini fundisho zuri kuliko yote la Afrika Mashariki liko Bamburi, kaskazini ya Mombasa, na wala halikutoka kwa mhandisi. Kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe tangu miaka ya 1950, kikaacha sakafu nyeupe ya mawe matupu, yenye chumvi, inayochoma kama kikaango. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtaalamu wa kilimo, Rene Haller, alipewa kazi ya kupaotesha kitu. Akajaribu aina 26 za miti. Tatu tu ndizo zilizopona, mojawapo mnazi, lakini aliyebeba kazi ni mvinje. Mvinje una vijidudu mizizini vinavyovuta naitrojeni hewani, kwa hiyo unaweza kuishi pasipo udongo wa kuitwa udongo.

Miti ikakua, majani yakaanguka, na hapo kazi ikakwama. Majani ya mvinje ni kama sindano, makavu na machungu, na hayakuoza. Yalirundikana tu chini ya miti, na pasipo kuoza hakuna udongo. Kilichookoa ni jongoo, wale wakubwa wenye miguu myekundu ambao watoto wa pwani huwachokoza wakati wa masika wajikunje. Ikaonekana kwamba wanakula sindano zile. Wakaletwa, wakala, wakanya, na kinyesi chao kikawa tabaka la kwanza la udongo mweusi juu ya jiwe. Ikafuata miti mingine, mabwawa ya samaki, ndege, hata viboko. Leo panaitwa Haller Park, na watoto wa shule wanaotembea pale chini ya vivuli hawawezi kuamini kwamba palikuwa jangwa jeupe.

Ndiyo maana nasema mtaala wa mhandisi wa kesho hauwezi kuwa wa mwamba na mashine tupu. Lazima amjue jongoo. Lazima ajue sheria pia, kwani Sheria ya Madini ya Tanzania ya mwaka 2010 inazungumzia dhamana ya ukarabati wa mazingira, fedha ambazo mwenye mgodi mkubwa anaweka pembeni ili akitoroka au akifilisika kazi ya ufungaji isikwame. Lakini fedha hizo ni kiasi gani? Jibu linatoka kwa mhandisi. Akikadiria kidogo, pengo atalilipa mwanakijiji. Ujerumani walipofika mwisho wa makaa ya mawe, mgodi wa mwisho wa bonde la Ruhr ukifungwa Desemba 2018, walikuwa wameshaunda mfuko maalumu tangu 2007 kwa ajili ya kile wanachokiita kazi za milele. Uchimbaji umezamisha ardhi ya baadhi ya sehemu kwa zaidi ya mita 20, na pampu zikizimwa mitaa mizima itageuka ziwa. Kwa hiyo zitapiga kazi maadamu kuna watu wanaishi pale. Neno milele katika bajeti ya serikali linatisha, na wanafunzi wetu walisikie mapema.

Ujerumani huohuo wana kitu cha kuigwa kwa upande wa kufundisha. Mji wa Freiberg una chuo cha madini kilichoanzishwa mwaka 1765, na wanafunzi wake hujifunzia ndani ya mgodi wa madini ya fedha uliokoma uzalishaji, Reiche Zeche. Chini kule wanashika vyombo vya kupimia wenyewe, wanaona boriti za kale, wanasoma maji. Maji ya machimbo yale bado yanatoka kupitia handaki lililoanza kuchimbwa mwaka 1844 na kukamilika 1877. Waliolichimba hawapo, mgodi walioutumikia haupo, handaki linafanya kazi. Chuo hicho kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Taita Taveta, Kenya, katika kituo cha umahiri cha madini na mazingira pale Voi, na huo ndio uzi ambao ningependa kuona ukivutwa hadi Nzega, hadi Kilembe, hadi Buzwagi kule Kahama, ambako mgodi uliofungwa mwaka 2021 tayari una chuo cha mafunzo cha kampuni na mipango ya viwanda.

Nina ombi moja kwa wanaofundisha Nzega, nalo halihitaji mfadhili. Liwekwe daftari moja. Kila mwaka, mwezi uleule, darasa la mwaka wa kwanza lishuke mpaka ukingo uleule wa shimo, litupe kamba yenye kitu kizito mwishoni, lipime maji yako mita ngapi kutoka alama iliyochongwa kwenye mwamba. Lichote chupa tatu: ya juu, ya katikati, ya chini kabisa. Lipime tindikali, chumvi, aseniki. Litembee juu ya bwawa la topesumu, lihesabu nyufa na miti iliyoota bila kupandwa. Kisha waandike mstari mmoja kwa wino: tarehe, kina, vipimo vyote, na majina ya waliopima, ili darasa la mwaka 2045 likikuta namba ya ajabu lijue wa kumpigia simu.